Shayiri, kisukari na mzigo wa neno 'dawa'

Ukitoka lango la Chuo Kikuu cha Nairobi ukaelekea Mtaa wa Biashara kwa miguu, mwendo wa dakika chache tu, waingia katika sehemu ya jiji ambayo wakati wa ukoloni ilijulikana kwa jina la Bazaar. Wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli baina ya mwaka 1896 na 1901, pamoja na wafanyabiashara waliofuata nyuma yao, hawakuja mikono mitupu. Walikuja na bizari, dengu, samli, na elimu ya jikoni ambayo kwao haikutenganishwa kamwe na elimu ya tiba. Leo maduka mengi ya mtaa huo yanauza vitambaa na nguo za watoto, na aghalabu mtu anayetafuta viungo na nafaka za Kihindi huelekezwa Ngara au Parklands. Hata hivyo elimu ile ya jikoni haijahama mjini.

Miongoni mwa nafaka hizo imo shayiri. Muuzaji wa Kigujarati huiita jav, na Mhindi wa kaskazini huiita jau. Nafaka hii huuzwa ikiwa nzima, ikiwa imekobolewa, au ikiwa imesagwa. Pakiti iliyonivutia mimi ilikuwa imebandikwa karatasi yenye maneno matatu ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa mkono: dawa ya sukari. Maneno hayo matatu ndiyo kiini cha makala haya. Nafaka yenyewe haina hatia, na wala sina ugomvi na tabibu yeyote wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Bara Hindi. Ninachoshuku ni tafsiri.

Tuanze na jina, maana jina la nafaka hii limesafiri mbali. Kwa Kisanskriti huitwa yava. Neno hilo lina ndugu katika Kiajemi, na hata katika Kilithuania huko Ulaya, ambako neno javai bado lina maana ya nafaka kwa jumla. Inaelekea kwamba zamani sana neno hili lilikuwa jina la nafaka yoyote inayolisha watu, kisha kwa Wahindi likabaki na shayiri. Kutokana nalo wakaunda neno yavagu, yaani uji, na uji huo ukaendelea kuitwa hivyo hata ulipopikwa kwa mchele.

Sisi Waswahili hatukulipokea jina letu kutoka upande huo. Tulilipata kwa Waarabu, nao wanahusisha shayiri na neno lao la nywele, kwa sababu ya zile ndevu ndefu zinazochomoza kwenye suke. Konsonanti hizo hizo tatu za Kiarabu zimetupa pia shairi na mshairi. Walimu wenzangu watakubali kwamba si mara moja wala mbili wamesoma insha ambamo mikate inaokwa kwa mashairi! Aidha zipo kamusi zinazotumia neno shayiri kwa nafaka mbili tofauti, yaani shayiri yenyewe na oti, ile nafaka ya uji wa asubuhi. Mkenya wa kawaida, kwa upande wake, huijua shayiri kwa jina la Kiingereza na kwa kazi moja tu: kutengenezewa kimea cha bia. Mkulima wa Mau Narok au Timau hulima shayiri kwa ajili ya kiwanda, na si kwa ajili ya chungu chake.

Je, vitabu vya Ayurveda vinasema nini hasa? Vitabu vikuu ni vitatu: kile kinachonasibishwa na Charaka, kile cha Sushruta, na kile cha Vagbhata aliyewafuata karne kadhaa baadaye. Tiba hii huuona mwili kuwa unatawaliwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, ambazo kwa kukadiria tu twaweza kuziita upepo, nyongo na balghamu. Kila chakula hupimwa kwa jinsi kinavyozidisha au kupunguza nguvu hizo. Shayiri huelezwa kuwa ni kavu, baridi, yenye utamu pamoja na ukakasi kidogo. Huupa mwili uimara, hupunguza balghamu, huongeza upepo tumboni, na huongeza wingi wa choo. Mtu yeyote aliyewahi kula bakuli la shayiri jioni atathibitisha haya mawili ya mwisho bila kufungua kitabu.

Ipo sifa moja ambayo vitabu havikubaliani juu yake, nayo yanifurahisha kama mwanaisimu. Je, shayiri ni nzito tumboni au si nzito? Katika Kisanskriti neno guru lina maana ya kitu kizito, na aguru ni kinyume chake. Lakini kanuni za matamshi za lugha hiyo huifanya irabu a imezwe inapotanguliwa na neno linaloishia kwa o, na neno la 'baridi' linalotangulia hapa huishia hivyo. Kwa hiyo masikioni 'baridi na nzito' na 'baridi na si nzito' husikika sawasawa. Katika matini za Charaka zinazochapishwa leo huwekwa alama ndogo ya kuonyesha kwamba irabu imemezwa, yaani shayiri si nzito. Vagbhata asema ni nzito. Irabu moja isiyosikika inaamua kama mgonjwa ale shayiri au aiepuke. Wanafunzi wanaoniuliza fonolojia ina faida gani maishani nawaachia mfano huo.

Matumizi yake ni mengi. Nafaka ilikaangwa ikasagwa kuwa unga uitwao saktu, ambao jina lake limesalia hadi leo katika sattu ya kaskazini mwa Bara Hindi, ingawa siku hizi aghalabu hutengenezwa kwa dengu. Unga huo ulikorogwa katika maji baridi ukawa kinywaji cha msafiri wakati wa joto. Mgonjwa aliyetoka katika tiba ya kusafishwa tumbo alirudishwa katika kula hatua kwa hatua, kuanzia uji mwepesi hadi uji mzito. Mmea uliokauka ulichomwa na majivu yake yakachujwa, ikapatikana chumvi kali iitwayo yavakshara, iliyotolewa kwa matatizo ya mkojo na ya tumbo. Watu wanene waliagizwa shayiri ili wapungue. Shayiri iliyohifadhiwa ghalani kwa muda ilipendelewa kuliko ile mpya, hasa katika majira ya kuchipua, ambapo balghamu huaminika kuzidi mwilini.

Na juu ya yote hayo, shayiri ilikuwa chakula kikuu cha mgonjwa wa prameha. Hili ni jina la kundi la maradhi ishirini ya mkojo: kumi yametokana na kapha, sita na pitta, na manne na vata. Mmoja katika haya manne ya mwisho ni madhumeha. Neno hilo limeundwa kwa madhu, yaani asali, na meha, yaani mkojo. Matabibu hao walikuwa wamegundua kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu na kwamba sisimizi huufuata. Imani yao kwa shayiri ilikuwa kubwa kiasi kwamba Charaka ataja shayiri iliyokwisha kuliwa na punda, farasi au ng'ombe ikapita matumboni mwao, kisha ikapewa mgonjwa. (Sijaiona hiyo ikiuzwa Parklands.)

Mgonjwa wa leo mjini Nairobi husema ana sukari, au kwa usanifu zaidi, kisukari. Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, Waarabu wakalipata kwa Waajemi, na Waajemi wakalitoa kwenye Kisanskriti, katika neno sharkara. Kwa hiyo tunapoitaja kisukari tunatumia neno la Kihindi kuutaja ugonjwa ambao Wahindi wenyewe waliuita mkojo wa asali.

Sasa turejee kwenye karatasi ile ya maneno matatu. Ayurveda hutofautisha wazi mambo mawili. Lipo neno aushadha, ambalo ni dawa. Na lipo neno pathya, linalotokana na patha, yaani njia. Pathya ni kile kinachoifaa njia, chakula na mwenendo unaomfaa mgonjwa wa maradhi fulani, na kinyume chake ni apathya. Katika ugonjwa wa kisukari, shayiri imewekwa kwanza kabisa katika upande wa pathya. Ni chakula cha kila siku kinachoandamana na tiba, na ambacho mgonjwa hula badala ya wali na vyakula vitamu vilivyomdhuru. Sushruta aliigawa prameha katika aina mbili: ile ambayo mtu huzaliwa nayo, na ile inayosababishwa na apathya, yaani ulaji na mwenendo usiofaa. Jina la aina hiyo ya pili limebeba neno apathya ndani yake. Tofauti hiyo basi si ya pembeni. Ndiyo mhimili wa mafundisho yenyewe.

Charaka aenda mbali zaidi. Asema bayana kwamba mtu aliyerithi ugonjwa huu kwa wazazi wake haponi. Pia amtofautisha mgonjwa mnene mwenye nguvu na mgonjwa aliyekonda na kudhoofika. Wa kwanza husafishwa na kupunguzwa mwili, wa pili hupaswa kulishwa na kujengwa. Kumpunguza aliyekonda ni kumwangamiza. Tabibu wa zamani aliyasema haya bila maabara. Muuzaji wetu wa leo huuza pakiti ile ile kwa mzee mnene wa miaka sitini na kwa kijana mwembamba wa miaka kumi na sita.

Pathya ilipovuka kutoka Kisanskriti hadi Kihindi na Kigujarati, kisha Kiingereza cha dukani, hatimaye Kiswahili cha karatasini, iliangukia katika neno dawa. Na neno dawa katika lugha yetu ni pana kupita kiasi. Tuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mapenzi. Hata moto tunasema dawa yake ni moto. Kitu kinachotuliza, kinachokinga, kinachosafisha, kinachoua na kinachoponya, vyote ni dawa. Upana huo ni utajiri kwa mshairi, lakini kwa mgonjwa ni hatari. Akisoma 'dawa ya sukari' kwenye pakiti ya shayiri, na huku nyumbani anavyo vidonge vya metformini alivyopewa hospitalini, anaona ana dawa mbili za ugonjwa mmoja. Moja ni ghali na humsumbua tumbo, nyingine ni rahisi na ina ladha ya uji. Ataacha ipi?

Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi niliyemfundisha, aliacha ile ya hospitali. Alikunywa maji ya shayiri asubuhi na jioni kwa miezi kadhaa, akijisikia vizuri, hadi macho yalipoanza kuona ukungu na kidonda cha mguu kikakataa kufunga. Hakudanganywa na Ayurveda, maana hakuwahi kuonana na tabibu wake yeyote. Alidanganywa na nomino. Kwa kijana wa miaka kumi na sita niliyemtaja hapo juu, ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, mambo huwa mabaya zaidi na kwa kasi zaidi. Kabla ya Januari 1922, insulini ilipotumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, kijana wa namna hiyo hakuwa na muda mrefu wa kuishi, hata angelishwa shayiri ya aina gani.

Huenda msomaji akasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutofautisha mambo haya. Kinayo, tena ya kale. Mganga wa pwani hampi mgonjwa dawa peke yake, humpa dawa na miiko: usile pweza, usile ndizi mbivu, usioge maji baridi kwa siku saba. Miiko ndiyo apathya hasa. Kwa upande wa pathya tunalo neno lishe. Dawa, lishe na miiko ni maneno matatu yanayotosha kabisa kuibeba Ayurveda hadi dukani bila kumwaga chochote njiani.

Zaidi ya hayo, fikra zenyewe si ngeni kwetu. Tunauita ugonjwa wa maumivu ya viungo 'baridi yabisi', lakini ni wangapi kati yetu hufikiri juu ya maana ya jina hilo? Yabisi ni kavu. Jina hilo ni masalio ya tiba ya Kiyunani iliyofika pwani yetu kupitia kwa Waarabu, ambayo nayo hupima maradhi na vyakula kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Neno balghamu nililolitumia hapo juu lina asili hiyo hiyo ya Kiyunani. Katika vitabu vya tiba hiyo, shayiri ni baridi na kavu, sawasawa na wasemavyo Wahindi. Waandishi wa shule ya Hippocrates waliagiza uji wa shayiri kwa wenye homa kali, na Ibn Sina akaagiza maji ya shayiri. Waislamu wanaijua talbina, uji wa shayiri uliosifiwa na Mtume kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa. Zingatia kitenzi hicho: kutuliza. Na iwapo shayiri ni baridi na kavu tena huongeza upepo, basi kwa kanuni za Ayurveda yenyewe mgonjwa wa baridi yabisi ndiye wa kwanza kuonywa asiizidishe. Pakiti yetu haisemi hivyo.

Sayansi ya leo imeitetea shayiri kwa kadiri yake. Ndani ya nafaka hii mna aina ya nyuzinyuzi iitwayo beta-glukani, ambayo hugeuka utelezi mzito inapochanganyika na maji ya tumboni. Utelezi huo huchelewesha wanga kusagwa na sukari kuingia katika damu, na huzuia sehemu ya lehemu isirudi mwilini. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu vyakula vya shayiri viandikwe kwamba hupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kwa kiwango cha gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kwa siku. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba beta-glukani ya oti na ya shayiri hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Ukiichukua shayiri kuwa na asilimia 4 hadi 6 ya beta-glukani, gramu 3 zinahitaji baina ya gramu 50 na 75 za nafaka kavu kila siku. Hilo ni bakuli la kutafunwa. Anayechemsha kiganja cha shayiri, akachuja, akanywa maji na kutupa nafaka, ametupa sehemu kubwa ya kile alichokifuata. Tena shayiri nayo ina wanga, hivyo yafaa iwe badala ya ugali au wali, na isiwe nyongeza juu yake. Mwenye maradhi ya utumbo yanayochochewa na gluteni asiiguse kabisa. Na mgonjwa anayemeza vidonge au kujidunga insulini amwambie daktari wake kabla ya kubadili chakula chake, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Hapana budi pia kuitenga nafaka hii na baadhi ya vidonge na poda zinazouzwa kwa jina la Ayurveda. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 za namna hiyo zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba asili na tiba mbadala, lakini sijaona sheria inayoweza kumlazimisha muuzaji atofautishe dawa na lishe ikiwa darasani hatukumfundisha tofauti hiyo. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuanza na zoezi dogo. Awape wanafunzi wakusanye matangazo ya tiba kutoka kuta na nguzo za katikati ya jiji, wapange vitenzi vyake: huponya, hutibu, hutuliza, husaidia, hukinga. Nadhani safu ya 'huponya' itajaa ukurasa kabla ya nyingine kupata mstari wa pili.

Kuhusu kuila shayiri kama chakula kitupu, bila ahadi yoyote, jirani zetu Wahabeshi hawakuwahi kuacha. Hukaanga nafaka wakaitafuna kwa jina la kolo, na husaga ile iliyokaangwa wakapata beso, unga unaokandwa kwa maji na kuliwa safarini, ndugu kamili wa saktu ya Charaka. Migahawa yao imejaa Nairobi, kuanzia Eastleigh hadi Hurlingham. Shayiri ya Timau, wakati huo, ingali inapita barabarani kwa malori kuelekea kwenye kimea.